Krimu ya Marehemu Babu

Jumatatu, tarehe 7 Julai

Msiba! Katikati ya vidole vidogo vya mguu wangu wa kushoto ngozi imegeuka nyeupe, inabanduka, inawasha kama imepakwa pilipili. Siku nyingine ningevumilia. Lakini Jumamosi ni Slava ya kina Relja, sikukuu ya mtakatifu wa ukoo wao. Slava haina mialiko, anayekumbuka huja. Mimi nimekumbuka tangu Januari! Shule tumemaliza, vuli Relja anahamia mji wa Novi Sad kusoma, na miaka yote ya darasa moja nimemwambia neno moja tu: samahani. (Nilimkanyaga.) Ni Slava hii au basi tena. Na mlangoni lazima kuvua viatu. Mguu utaonekana!

Jumanne, tarehe 8 Julai

Duka la dawa. Nilingoja foleni iishe. Haikuisha. Nevena, binti wa mjomba, ambaye mdomo wake hauna kufuli, akaja kusimama nyuma yangu. Nikamnong'oneza Bi Milunka, mfamasia, kwamba nataka krimu ya fangasi wa miguu. Nikaongeza kwamba ni ya babu. Bi Milunka ana sauti ya kengele. Akauliza, duka zima likasikia, ni babu yupi huyo, mwanangu, si tulimzika Machi? Nevena akasema pengine huko aliko kuna unyevunyevu. Ulimi umkauke!

Nilipewa tyubu pamoja na mahubiri. Osha mguu, kausha vizuri katikati ya vidole, paka kidogo tu asubuhi na jioni, nawa mikono. Usifunge kwa plastiki. Usiazimane na mtu tyubu, taulo wala sapatu. Na mwasho ukiisha usiache, endelea mpaka wiki zilizoandikwa kwenye karatasi ya maelezo zitimie. Wiki! Mimi Slava ni Jumamosi!

Jumatano, tarehe 9 Julai

Nimepata akili. Kama kidogo kidogo huponya kwa wiki kadhaa, basi nyingi kwa mkupuo huponya upesi. Hesabu tu! Nusu ya tyubu. Juu yake plastiki ya kufunikia vyakula. Juu yake soksi ya sufu ya marehemu babu. (Kwa hiyo Bi Milunka sikumdanganya sana.) Bibi Ruža alifurahi kuona hatimaye mjukuu wake anajikinga na upepo wa mlangoni, ambao kwa maoni yake umeua watu wengi kuliko vita. Akanifungulia plastiki, akamimina rakija yake ya plamu, ambayo katika nyumba hii hutibu kila kitu isipokuwa ulevi. Nilipiga yowe. Mbwa wa jirani akaitikia.

Alhamisi, tarehe 10 Julai

Mguu mwekundu kama pilipili hoho ya kuchoma. Nimerudi kwa Bi Milunka nimevaa miwani ya jua. Akaniambia nivue miwani, Iskra, amenitambua kwa kuchechemea. Akaniambia ngozi si bustani ya kumwagilia, na rakija ni ya koo la mgeni. Leo niupumzishe mguu, na wekundu usipotulia au malengelenge yakitoka niende kwa daktari. Nikaapa kutii. Nimeosha, nimekausha, nimeuacha upate hewa. Bibi amefunga madirisha yote kwa huzuni.

Ijumaa, tarehe 11 Julai

Wekundu umetulia. Nimepaka kidogo, kama nilivyoambiwa. Jioni hauwashi! Nimepona! Bi Milunka na wiki zake! Krimu nimeitupa kwenye droo. Kesho nitakwenda na sapatu zangu mwenyewe, zile zenye shanga. Kwa usalama tu.

Jumamosi, tarehe 12 Julai

Mama yake Relja aliziona. Akauliza mbele ya wageni kama nyumba yake ni stesheni hata watu waje na sapatu zao. Bibi, niliyekwenda naye, alitamani ardhi immeze. Zangu zikafungiwa kabatini, nikavishwa za wageni kwa lazima: za bluu, bado na joto la mgeni aliyetangulia. Nikala ngano tamu ya mtakatifu, nikala keki.

Kisha muujiza! Relja alikuwa anakimbilia uani kugeuza nyama, akakuta sapatu zake zimevaliwa na padri. Akaniomba zile za bluu nilizovaa! Akaingiza miguu mitupu palepale ilipokuwa yangu. Akasema asante, Iskra. Anajua jina langu! Nilitabasamu, nikajikwaa kwenye zulia.

Ijumaa, tarehe 25 Julai

Mwasho umerudi, tena umekuja na jamaa zake. Nimekwenda duka la dawa. Mbele yangu: Relja! Kasimama kwa mguu mmoja kama korongo, anaukuna mwingine kwa kisigino. Alimnong'oneza Bi Milunka kwamba anataka krimu ya fangasi, ni ya babu yake. Babu yake alikuwa nyuma yangu kwenye foleni. Akatangaza kwamba yeye anaumwa goti, asisingiziwe.

Relja akaiva kama nyanya. Moyo wangu ukaruka. Huyu ni wangu!

Bi Milunka alitazama mguu wake, akatazama wangu, akaanza mahubiri upya: kila mtu na tyubu yake, na safari hii wiki zitimie. Sikungoja amalize. Nikafungua kinywa, kwa mara ya kwanza tangu ile samahani. Nikamwambia Relja asinunue. Nina nusu tyubu, tutagawana kwenye benchi la mtoni. Siri ni kupaka nyingi, na ukiacha kuwasha tu, unaacha. Akauliza kama nina uhakika. Nikamwambia aniamini, mimi nimeshawahi kupona.

Bi Milunka alilaza kichwa kwenye kaunta.

Kesho saa kumi jioni! Nampelekea soksi ya pili ya babu.