Waziri na Viatu vya Watu

Jumatatu, 3 Juni

Msiba! Waziri amekula kisigino cha kiatu cha mwalimu mkuu. Cha kushoto. Nilikipigilia asubuhi kwa misumari sita, nikaenda kunywa chai. Niliporudi, misumari yote sita ilikuwa sakafuni, safi, imelambwa. Kisigino hakuna.

Waziri ni mbwa wangu. Rangi ya kahawia, miaka miwili, sikio moja limesimama, jingine limelala. Nilimpa jina hilo kwa namna anavyokaa mlangoni kupokea wageni bila kufanya kazi yoyote.

Mke wangu amesema imetosha. Hiki ni kiatu cha tatu ndani ya wiki mbili. Fundi viatu kufuga mbwa mla viatu, anasema, ni kumkabidhi fisi bucha. Jumapili kaka yake anakuja na pikapu. Akikuta Waziri hajabadilika, anaondoka naye akalinde tanuri la matofali huko mbali. Nikamkumbusha kwamba samaki mkunje angali mbichi. Akajibu kwamba huyu ameshakauka, bado kukaangwa tu.

Siku sita! Waziri amelala juu ya miguu yangu ninapoandika. Sitaki aende. Basi, nimesema.

Jumanne, 4 Juni

Pilipili! Mpango wa kitaalamu. Nimeponda bakuli zima, nikachanganya na mafuta, nikapaka viatu vyote vya rafuni, ndani na nje. Kisha nikajifikicha jicho.

Nusu saa nzima kichwa changu kilikuwa ndani ya ndoo. Ndani ya nusu saa hiyo mwalimu mkuu aliingia kuulizia kiatu chake. Hakuona mtu. Akaona viatu vyake vingine vya wazi, akavijaribu, miguu mitupu. Yowe lilifika hadi ng'ambo ya barabara kwa Kisigino.

Kisigino ndilo jina tulilompa fundi viatu mwenzangu, yaani adui yangu. Akaja mbio na beseni. Akamwosha mwalimu miguu kwa upole wa kuchukiza, akamwomba amkabidhi kazi zake zote. Akakubaliwa! Ameondoka hata na kile kisicho na kisigino.

Waziri alilamba jozi mbili, akaenda kunywa maji, akarudi kuongeza.

Jumatano, 5 Juni

Muuza nyama ameleta viatu vyake vibadilishwe soli, akaniachia na ushauri. Mbwa apewe kiatu chake mwenyewe, kikuukuu. Atajua: hiki changu, vile vya watu. Hekima hiyo! Mtu anayeshinda na mifupa huwezi kumfundisha mbwa ni nini.

Nikampa Waziri buti langu la zamani. Nikampapasa kichwa nikimwambia: kikuukuu, chako. Kikuukuu, chako. Nilirudia asubuhi nzima ili aelewe.

Alielewa. Tatizo nimeligundua saa tisa alasiri. Katika kibanda cha fundi viatu, kuna kiatu gani kisicho kikuukuu? Nani huleta kipya kitengenezwe?

Alianza na cha muuza nyama. Muuza nyama ameapa kwamba mimi hataniuzia tena hata mfupa.

Alhamisi, 6 Juni

Mama mkwe, ambaye tunaishi naye na ambaye hajanisifu tangu harusi, alinitazama asubuhi nikimkimbiza Waziri kuzunguka meza. Akasema akili ni nywele, kila mtu ana zake. Kisha akaangalia upara wangu, muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Anasema mtoto hanyang'anywi kitu, hubadilishiwa. Akatoa maini yake, yale aliyoandikiwa na daktari kwa ajili ya damu, akayachemsha, akayakata vipande vidogo kama kucha. Waziri akaja na kiatu mdomoni. Mama mkwe akasema acha, akamwonyesha ini. Waziri akaacha! Tena. Akaacha! Hadi adhuhuri alikuwa anakiweka chini kabla neno halijaisha.

Jioni nilimweleza mke wangu jinsi nilivyofikia wazo hili. Mama mkwe alikohoa.

Ijumaa, 7 Juni

Waziri ameingia kwenye biashara. Hasubiri kuitwa. Anatoa kiatu rafuni, anakileta, anakiweka, anakaa, anadai ini. Anafuata kingine. Rafu ilipoisha akaleta mwiko wa mke wangu. Kandambili za jirani. Soksi ya mtu nisiyemjua, yenye unyevu.

Lakini tazama! Hakuna alama hata moja ya jino. Nimekagua kwa miwani. Analeta, hali.

Mama mkwe anaanza ubahili. Mara ini, mara anamkuna tu nyuma ya sikio na kumwambia mwanangu wewe. Nikamwonya kwamba anaharibu mafunzo. Akaniuliza mafunzo ya nani.

Jumamosi, 8 Juni

Leo shetani alinipitia, nami nikamkaribisha kiti.

Waziri alivuka barabara akarudi na kiatu cha mwalimu mkuu. Kutoka kwa Kisigino! Kiatu kimetiwa kisigino kipya, mishono minyoofu, kazi safi. Iliniuma. Hapo kichwa kikapata moto. Mtu mwema angekirudisha. Mimi nilimwelekeza Waziri akalete na cha pili. Akaleta. Nikamlipa kipande cha mwisho cha ini.

Mpango: nivipeleke kwa mwalimu, niseme nimejuta, nimevitengeneza kwa mikono yangu. Atarudi kwangu huku analia.

Nikafika getini kwake. Kisigino alikuwa ameshatangulia, anamweleza kwa huzuni jinsi viatu vilivyotoweka. Tukatazamana watu watatu. Viatu viko mkononi mwangu. Nikasema nimeviokota njiani. Wakati huohuo Waziri, ambaye sikujua kwamba amenifuata, akaja akaweka brashi ya Kisigino miguuni pangu na kukaa akisubiri malipo.

Mwalimu mkuu alinisimamisha nikitazama ukuta, dakika kumi. Mtu mzima mimi, na wajukuu wawili.

Kisigino akavigeuzageuza viatu akitafuta meno. Hakuyaona. Akaninong'oneza kwamba ana kitoto cha mbwa kinachomlia brashi na gundi, akauliza nimefanyaje. Adui haambiwi siri.

Maini yameisha. Muuza nyama amenifungia mlango. Kesho ni kesho.

Jumapili, 9 Juni

Shemeji alifika saa nne na pikapu na kamba. Akavua viatu mlangoni. Vipya, vyeusi, vinang'aa! Tukaketi. Hatukunywa hata nusu ya chai.

Viatu havipo. Waziri hayupo.

Mke wangu alinitazama tu, nami nikaiona safari ya Waziri machoni mwake. Kisha Waziri mwenyewe akatokea kwa mlango wa nyuma, kiatu cha shemeji mdomoni. Akaja hadi kwangu. Akasimama.

Nikapapasa mifuko. Hakuna ini, hakuna hata mkate. Shemeji akachukua kamba. Nikapiga magoti. Nikasema: acha.

Waziri aliniangalia. Aliangalia mikono yangu mitupu. Akakiweka chini, taratibu, akaegemeza kichwa kifuani pangu. Nikamkuna nyuma ya sikio kwa sababu sikuwa na kingine. Cha pili alikwenda kukileta mwenyewe. Hakikuwa na mkwaruzo.

Shemeji akaikunja kamba. Mke wangu akafuta macho kwa ncha ya khanga, akasema ni moshi wa jikoni. Jiko lilikuwa limezimwa. Akasema Waziri anabaki.

Mama mkwe akaeleza kwamba ndiyo maana alianza kumkuna badala ya kumlisha, ili siku maini yakikosekana asivunje mkataba. Nilimwacha aseme, ni mzee. Ukweli ni kwamba lilikuwa jicho langu. Nina jicho kali. Wanyama huliona.

Jumatatu, 10 Juni

Asubuhi njema! Mwalimu mkuu ameleta viatu vya wanawe. Anasema anataka kuviona vikiletwa na Waziri. Muuza nyama amenisalimia, kwa kidevu, lakini amenisalimia.

Na Kisigino amevuka barabara na kitoto chake cha mbwa kwapani. Ameniomba mimi, mtaalamu, nimfundishie. Amenyenyekea vizuri sana. Nimekubali. Mama mkwe amejitolea kununua maini. Nimemshukuru, nikamwambia apumzike, hii ni kazi ya watu wenye uzoefu.

Nimeshaponda. Naanza na pilipili. Safari ile kosa lilikuwa kipimo: niliweka kidogo. Naacha kuandika kidogo, jicho la kulia linaniwasha.