Daktari Pinzón Achuja Barua

Jumatatu, 4 Machi
Kisanduku changu cha barua pepe: barua 1,912 hazijasomwa. Aibu kwa mtu anayewania cheo. Mzee Anselmo amestaafu, kiti cha mkuu wa masijala ya mkoa kiko wazi, na chumbani humu tulioomba ni wawili: mimi na Yaneth Cuervo wa meza ya mbele. Miaka kumi na saba nimekingoja kiti hicho. Wito wa usaili utakuja kwa barua pepe, usije ukazama kwenye takataka. Bahati nasibu za chama cha wafanyakazi. Matangazo ya viatu. Maombi ya mchango wa keki, ambayo Yaneth huyatuma kila mtu anapozeeka mwaka.

Nimetengeneza kichujio. Hapa Tunja, mjini kwetu Kolombia, yeyote mwenye tai na meza huitwa Daktari. Mama Rosalba anayetuletea kahawa humwita hivyo hata mlinzi. Mimi sheria niliisoma nusu, lakini tai ninazo nne. Basi: barua yenye neno Daktari iingie kwenye folda niliyoiita Heshima. Nyingine zote, pipani. Wanaotaka kunipa cheo hawatanikosea adabu. Dakika sita tu!

Jumanne, 5 Machi
Kichujio kinachapa kazi. Barua kumi na tatu ndani ya Heshima. Tisa za daktari wa meno. Tatu za daktari wa mifugo, anahasi paka. Moja ya muuza viti, imeanza "Mheshimiwa Daktari Pinzón". Hiyo nimeisoma mara mbili.

Yaneth aliuliza kama nimeiona barua yake. Nikamjibu kwamba siku hizi nasoma za maana tu.

"Eustorgio, hebu ifungue leo. Si ya keki."

Akataka kueleza zaidi. Nikainua simu nikaongea na hewa. Mtego wa kitoto. Mpinzani hakupi kitu cha bure.

Jumatano, 6 Machi
Hakuna wito. Saa nne Yaneth alipanda ghorofa ya tatu amevaa koti la kanisani, akarudi mashavu mekundu. Amesailiwa. Akauliza mbona mimi sikutokea saa tatu. Nikasema wakubwa huitwa mwisho. Lakini mkate wangu niliuacha nusu.

Nikamwita Wilmer wa kompyuta. Akafungua pipa. Wito ulikuwemo, wa juzi: "Bwana Pinzón, Jumatano saa tatu kamili." Bwana! Wilmer akaeleza kwamba waraka mpya wa mkoa unakataza kumwita mtu kwa cheo asichokisomea. Pembeni mwake barua tatu za Yaneth. Hizo nikazifuta kabisa. Wilmer alitaka na kichujio kifutwe, nikamkatalia. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.

Alhamisi, 7 Machi
Nimepanda ghorofa ya tatu nimenywea. Katibu wa kamati ya usaili ni Bi Ofelia, tulisoma darasa moja. Nikasema tumbo lilinisumbua. Akanihurumia: atawaomba wanisaili kesho, saa atanijulisha kwa barua pepe jioni. Nilishuka ngazi mbili mbili.

Nimeboresha kichujio: Daktari au Bwana. Mtu hujifunza. Mama Rosalba akasema leo uso wa Daktari umekunjuka.

Ijumaa, 8 Machi
Tai ya bluu. Nimekaa mezani tangu saa moja. Heshima ina daktari wa meno tena, na barua moja iliyonirusha moyo: "Bwana anakuita leo." Nikaifungua upesi. Ya parokia. Kwaya inatafuta sauti za pili.

Saa sita Bi Ofelia alishuka mwenyewe. Kamati ilinisubiri toka saa mbili hadi saa nne. Barua aliniandikia jana, na ilianza "Eustorgio mpendwa", maana tumekua pamoja. Akaondoka bila kuaga. Nilienda chooni nikalia kidogo.

Jumatatu, 11 Machi
Mkuu mpya ni Yaneth.

Ameniletea mkate wa jibini, wa moto. Hakunicheka. Alisema wiki iliyopita aliona kwenye orodha ya kamati kwamba sijathibitisha kuja, ndiyo maana akaniandikia. Mara tatu.

"Nilitaka nikushinde ukiwepo," alisema.

Nimeona haya mpaka masikioni. Mkate nimeumaliza wote.

Mchana kutwa nimetafuta kosa liko wapi. Kichujio hakina kosa. Watu ndio hawajui kuandika. Saa tisa nimemtumia mkuu wangu barua ya pongezi, na mwishoni nimemkumbusha kwa adabu kwamba akitaka nisome maagizo yake, aanze na neno Daktari.