Chepyegon na Giza la Vioo vya Peugeot

Tegeni masikio, enyi wachuma chai na wakamua ng'ombe, kuanzia Londiani hata Bomet! Tueni vikapu vyenu, zimeni redio, maana vita vikuu vilivyopiganwa Kericho mwaka wa tisini na sita hamkuviona, na ni aibu kwenu.

Alikuwapo Chepyegon, simba wa miteremko, bwana wa Peugeot nyeupe yenye viti vya mahameli. Shujaa huyu aliutaka uenyekiti wa kituo cha kununulia chai, na kura ilikuwa Jumamosi. Lakini maadui walimzingira kila barabara: kina mama wenye vikapu vya majani mabichi, wazee wenye madebe ya maziwa, gambuti zilizojaa matope, wote wakiinua mkono wabebwe. Akiwabeba, mahameli yanaangamia. Akiwapita, wanamwita mchoyo na uenyekiti unakwenda kwa mwingine. Maskini shujaa! Hata mimi nilimwonea huruma, kidogo.

Ndipo siku ya Jumatatu akaushukia mji wa Kericho, akaingia kibandani mwa Nyamweya, fundi wa vioo kutoka Kisii, mtu asiyetishwa na gari la yeyote. Nyamweya akazitandaza silaha tatu za kutia vioo giza: tinti hafifu, tinti ya kati, na tinti nyeusi kama tako la sufuria.

"Ewe fundi," akanguruma Chepyegon, "nipe giza ambalo jicho la mwanadamu halijapata kulipenya!"

"Sawa mzee. Lakini hiyo nyeusi nikiweka mpaka mbele, nani atajua ni wewe uko ndani? Watu watafikiria ni gari ya D.O., mkubwa wa serikali."

Maneno hayo yalimchoma kuliko mkuki. Mtu anunue Peugeot, kisha asionekane ndani yake! Kwa saa tatu nzima alipigana na nafsi yake, akilizunguka gari, akichungulia kioo hiki, akikigonga kile, huku Nyamweya akimaliza chai na mandazi mawili. Mvua ya mchana ikaja, ikapita. Hatimaye hekima ikamshukia, akainua kidole juu.

"Nyuma, nyeusi kabisa! Mbele, usiguse! Uso wangu uonekane, viti visionekane!"

"Wah!" akasema Nyamweya, akachukua wembe.

Tangu siku hiyo Chepyegon alipita akitabasamu, mkono mmoja akiwapungia watu, wa pili akiwaonyesha kwamba gari limejaa, na usukani akimwachia Mungu.

Jumamosi ikafika. Mzee Kipruto, mkulima wa miaka mingi, akasimama mbele ya mkutano.

"Mimi nimesimamisha hii gari mara saba wiki hii. Mara saba imejaa! Mtu wa kubeba watu namna hii tutatoa wapi ingine?"

Mikono yote ikainuka. Wa mwisho kuinuka ulikuwa mkono wa Jerusa, mkewe shujaa, ambaye siri ya vita hakuambiwa. Alichelewa kwa sababu alitembea maili nne mvuani. Mumewe alimpita kwenye kona, akamwonyesha kwamba gari limejaa, naye, mama wa watu, akasogea kando asiwacheleweshe abiria.

Andikeni basi, enyi wanahistoria, kwa wino usiofutika: Chepyegon alishinda bila kupingwa, na kiti cha nyuma hakikuingiwa hata na tone la mvua.