Kikao cha Kuiaga Chupa

Idara ya Maridhiano ya Vijana na Vilevi ilitangaza kwa fahari kubwa kwamba adhabu imefutwa. Kijana akikamatwa na kilevi, hachapwi wala hafukuzwi shule. Anakaa kwenye duara na aliowakosea mpaka wapatane. Mwongozo, kurasa tisini, Mkurugenzi aliuandika mwenyewe. Alijivunia hasa kifungu cha kumi na mbili: mkosaji aletewe kilevi chenyewe, akitazame, akiage kwa heshima. Bila hivyo hapati cheti, na bila cheti shule haimpokei.

Kesi ya kwanza ilikuwa ya binti wa fundi cherehani, miaka kumi na sita, aliyenaswa na chupa ya pombe kali nyuma ya maabara. Ilikuwa Ijumaa, na mtihani wa mwisho ulikuwa Jumatatu. Mama yake alifika na tepu ya kupimia bado shingoni, roho juu.

Viti vya idara vilikuwa vimeungwa vinne vinne kwa chuma, vikakataa kupinda. Mkurugenzi akaamua kwamba mstari ni duara lisilokamilika.

Kwa mujibu wa mwongozo, aliyeshika rula ndiye msemaji, hakatizwi, na kila anayeipokea lazima ajibu: umefanya nini, umemwumiza nani, utatengeneza vipi. Binti akasema alianza kunywa baba yake alipoondoka, aliyemwumiza ni mama, na hatamficha kitu tena. Mama akalia. Mkurugenzi akaandika kwamba machozi yamepokelewa.

Kisha akaagiza kielelezo, yaani kilevi cha kuagwa. Karani akafungua kabati: chupa kumi na moja zilizonyang'anywa wanafunzi tangu enzi za viboko, ya binti ikiwemo, zote kavu.

"Joto," Mkurugenzi akaeleza. "Zimekauka."

"Na vizibo vimekazwa, bosi?" karani akauliza.

Mkurugenzi akaahirisha kikao kwa mwezi mmoja, kwa kukosa kielelezo. Mama akashika kichwa. Binti akamnyooshea Mkurugenzi rula.

"Pokea, mzee."

Kwa mazoea ya miaka mingi ya kupokea, akapokea. Karani akashika kalamu, akangoja. Mkurugenzi akalisoma dari lote, halikumsaidia.

"Nimezinywa," akasema. "Nimemwumiza huyu mtoto."

Karani, mtu wa taratibu, akafikiri kidogo, akasema basi kielelezo kipo, kimehama tu. Binti akamgeukia Mkurugenzi, akamtazama toka kipara mpaka viatu.

"Kwaheri, mzee," akasema kwa heshima zote.

Cheti kikagongwa muhuri. Mkurugenzi naye akainuka aende, karani akamrudisha kitini: mkosaji mpya amepatikana, na mwongozo unamtaka kila mkosaji aje na mzazi.

Jumatatu binti alikuwa kwenye chumba cha mtihani. Mkurugenzi, miaka hamsini na minane, alikuwa kwenye duara lisilokamilika, pembeni ya mama yake aliyesafiri kwa basi tangu alfajiri. Ajuza alishika rula kwa mikono miwili. Alikuwa na mengi, ameanzia darasa la pili, na kumkatiza hairuhusiwi.