Mafuta ya Senje Yanaongea

Jumanne, 4 Machi

Kati ya Thika na Ruiru hakuna mwili kama wangu. Sijisifu, naripoti tu! Mwembamba, mwepesi, suruali zote zinanikaa. Shule niliiacha Form Two kwa sababu walimu walikuwa wameishiwa.

Habari kubwa: Senje Nelima ameitwa kwenye utafiti wa ugonjwa wa sukari, Ruiru. Senje ni dada ya marehemu baba. Ndiye aliyenilea hapa Kiganjo kwa kuuza chapati. Mikono yake ikisukuma unga, utadhani inasukuma lori! Mwanamke wa nguvu. Lakini sukari anayo miaka mingi, na siku hizi nyayo zimekufa ganzi. Juzi alikanyaga kaa la moto, akajua kwa harufu. Akacheka. Mimi sikucheka.

Akikubaliwa, daktari bingwa atamwangalia mwaka mzima. Miguu, macho, figo, yote bure. Sharti ni moja: aje na ndugu wa damu asiye na sukari, wapimwe pamoja. Nafasi ya ndugu ni moja, sisi tuko wawili. Mimi, na binamu yangu Lenny, mtoto wa kaka mwingine wa Senje, mwenye mabega ya kabati na akili ya droo. Senje amesema twende wote, wenye kazi wachague. Wachague nini? Mimi niko!

Jumatano, 5 Machi

Tumejiandikisha. Mtafiti anaitwa Farhiya. Yesu wangu! Hijabu ya kijani, na anaeleza mambo mpaka mtu kama Lenny anafunga mdomo.

Nilidhani mafuta ya mwilini ni kama gunia la unga stoo, yamekaa tu yakingoja njaa. Kumbe yanaongea! Farhiya amesema yanamwaga homoni kwenye damu mchana na usiku. Moja inaitwa leptini. Kazi yake kuuambia ubongo: shiba hiyo, weka sahani chini. Mafuta yakizidi, leptini inapiga kelele nyingi mpaka ubongo unaacha kusikia. Nyingine ni adiponektini, jina kama la dawa ya ng'ombe. Hiyo inasaidia mwili kuitikia insulini, ile inayoondoa sukari kwenye damu. Sasa ajabu yenyewe: tumbo likiongezeka, hiyo inapungua! Wengi wenye sukari ya aina ya pili wanayo kidogo. Ndiyo maana wanataka damu za ndugu wawili, wazilinganishe.

Senje akajishika tumbo, akaliambia kumbe wewe ndiwe mwenye umbea wote huu. Farhiya alicheka mpaka kalamu ikaanguka. Nikaiokota mimi. Lenny alikuwa bado anainama.

Ijumaa tuje bila kula wala kunywa, isipokuwa maji. Farhiya amesema yeye mwenyewe amefunga, ni Ramadhani, kwa hivyo asije mtu kumlilia njaa. Nimempenda zaidi!

Mpango: Lenny asifunge vizuri.

Ijumaa, 7 Machi

Ushindi! Nusu.

Asubuhi Lenny alipitia kwetu, midomo imekauka. Senje alikuwa bado anaoga. Nikamwekea kikombe cha chai ya maziwa, sukari vijiko vinne. Akasema tumekatazwa. Nikamwuliza tangu lini chai ikawa chakula. Huko kwetu mgeni akipewa chai kavu, bila hata mkate, si anaenda akisema hajapewa kitu? Akafikiria. Lenny akifikiria, jirani wanasikia. Akanywa. Akaomba kingine!

Ruiru, Farhiya akauliza nani amekula. Lenny akasema hajala, amekunywa chai tu. Farhiya akamtazama vile mtu aliyefunga humtazama mtu wa chai. Akamwambia arudi Jumatatu, siku ya mwisho kabisa. Basi Lenny akaninyooshea kidole: Dalmas ndiye alinipa! Dalmas ndiye alisema chai si chakula! Mbele ya watu wote!

Senje akasimama. Benchi lote likatikisika. Akasema, "Haki ya Mungu, huyu nimemlea kwa mikono hii. Hawezi kuchezea miguu yangu." Akamwambia Lenny hataki mwongo kando yake, hata Jumatatu asirudi. Dalmas anatosha.

Mimi nilikuwa naangalia dari. Dari safi sana.

Wakanitoboa kidole. Farhiya akaangalia kimashine, akatoboa kidole kingine. Nikajua amenipenda. Akanizungushia tepu tumboni, akaandika, akatoa damu nyingine ya mkononi ipelekwe maabara. Lenny hakutolewa hata tone!

Jumamosi, 8 Machi

Farhiya amepiga simu. Ana namba yangu!

Sijafika kuitwa mgonjwa wa sukari, lakini niko mlangoni. Siwezi kuhesabiwa ndugu asiye na sukari. Akauliza nakunywa soda ngapi. Nikamwuliza, kwa siku au kwa mlo? Kisha akanieleza kwa upole kwamba mafuta mabaya si lazima yaonekane, yanaweza kujificha ndani karibu na ini hata kwa mwembamba. Nimestaajabu. Kiganjo nzima, nani mwingine ana mafuta ya siri?

Sasa Senje hana ndugu wa kupimwa naye, ila Lenny. Nimemgusia. Amesema heri akose daktari kuliko kukaa na mtu aliyemsingizia mtoto wake. Mtoto wake, amesema! Kisha akanipakulia mboga ya sukuma wiki mlima mzima na chapati moja, eti sasa mimi ndiye wa kutunzwa. Baadaye nikamwona ameshika kioo kidogo, anaangalia wayo alipochomwa na lile kaa. Umetoa usaha. Yeye anaimba.

Lazima aende Jumatatu. Nimeshapanga. Senje nitamwambia Farhiya amesema Lenny ni lazima, ni sheria ya serikali. Lenny nitamwambia Senje amelia akimtaja. Farhiya nitamwambia yule wa chai alikuwa pacha wake. Mpango safi, hauna tundu hata moja!

Ni jambo moja tu limeharibika kweli, na si damu yangu. Senje alisimama akaapa kwa ajili yangu, nami nikamwacha aape.