Amri Kuhusu Kivuanguo

Wananchi, natangaza kifua mbele: katikati ya vita, vikwazo na uhaba wa petroli, taifa letu limepata neno lililokuwa likilikosa. Mimi ndimi Claude, Mkurugenzi wa Maneno katika Wizara ya Subira ya Taifa.

Mambo yalianza pale Léoncie wa mtaa wa Ngagara, sekretari aliyefukuzwa na Waziri wetu, aliposema anaandika kitabu cha maisha yake ofisini, bila kumsitiri mtu. Waziri akaniita mbio.

"Claude, kipige marufuku!"

"Kinaitwaje kitabu cha namna hiyo, Mheshimiwa? Sheria haikamati kitu kisicho na jina."

"Basi tafuta jina! Ijumaa ikifika huna, kiti chako anakalia naibu wako Adrien."

Lo! Nikaunda tume papo hapo. Tume ikaunda kamati, kamati ikanywa chai. Mama Mwanne, anayetuuzia sambusa mlangoni, akachoka kutusikia.

"Kitabu cha kuvua watu nguo? Si museme kivuanguo, muniache niuze!"

Tukalipitisha kwa kauli moja, midomo imejaa.

Ikabaki kanuni yetu tukufu: maana ya neno bila mfano wa matumizi ni batili. Mfano tuutoe wapi? Nikamwalika mtaalamu pekee nchini, Léoncie mwenyewe.

"Mufano tu?" akauliza.

"Mfano tu, dada. Lakini uwe kamili. Serikali haipendi mambo nusunusu."

"Haya, bwana mukubwa, andika."

Waziri akasaini bila kusoma. Kusoma ni kazi ya wadogo. Jioni, saa ya kutotoka nje, mji mzima ukiwa ndani na redio, amri ikasomwa yote, kwa Kifaransa, Kirundi na Kiswahili:

"Kivuanguo ni kitabu kinachofichua aibu za wakubwa. Mfano: Kivuanguo kinasema Waziri wa Subira, anayewahimiza raia watembee kwa miguu, amejaza bafu la nyumba yake mtaani Kibenga mapipa ya petroli, naye huoga kwa jirani, Madame Daphrose, ambaye mumewe yuko safarini. Ni marufuku."

Kulipokucha, foleni ilitoka getini kwa Waziri hadi barabara kubwa. Teksi zinasukumwa, bidoni tupu za petroli zinagongana, watu wanacheka mpaka machozi. Mimi nilikuwa mbele. Mkurugenzi hapangi nyuma ya raia.

Waziri akachomoka kwa jirani, kajifunga taulo, povu masikioni.

"Tawanyikeni! Kivuanguo ni marufuku! Atakayekutwa nacho, gerezani!"

Mama Mwanne akainua bidoni yake.

"Apana kuogopa, Mheshimiwa, kitabu hatuna. Utufungulie bafu."