Jinsi Katsuva Alivyochagua Farasi Ishirini na Wanne

Sogeeni, enyi mnaopima maharage na enyi mnaopimiwa. Zimeni pikipiki zenu, enyi mnaongoja abiria wa Nyakasanza. Na wewe mama unayegeuza samaki wa Kasenyi juu ya moto, mgeuze mara moja kisha uje, kwani habari hii ni kubwa na haina pa kukaa ila masikioni mwa watu waliotulia. Madaraja yamechukuliwa na mvua nasi hatukufungua kinywa. Wakubwa wameingia mjini na kutoka nasi tukaendelea kula. Lakini siku ile Katsuva, mwana wa Lubero, adui wa magugu, mwenye mgongo uliopindishwa na jembe na usiopindishwa na mtu, alipokwenda kuchagua trekta, tulisema: hili tusipolisimulia, wajukuu watatudai.

Huyu Katsuva aliingia Bunia kutoka Lubero akiwa kijana, jembe moja begani, na kwa jembe hilo na mengine yaliyolirithi akalima shamba lake la pembeni mwa Nyakasanza miaka ishirini na miwili. Maharage yakamtii, muhogo ukamtii. Majani tu ndiyo yaliyoasi kila mvua. Mwaka huu mgongo wake ukamwambia basi. Akaenda kwa daktari, na daktari akayarudia maneno yale yale ya mgongo, kwa Kifaransa. Ndipo yeye na mkewe Scholastique, mshika ufunguo wa sanduku, ambaye neno lake ni fupi na kimya chake ni kirefu, wakakata shauri: itanunuliwa trekta ndogo ya kulima, ya kufyeka na ya kuvuta mzigo, moja tu, na ya pili haitakuwapo maisha yao yote.

Sasa lijueni shamba lenyewe, maana ndilo uwanja wa vita. Juu, penye lango na nyumba, ni pana. Likishuka linapungua kama pembe ya ng'ombe, hata chini kabisa zimebaki hatua chache tu, upande mmoja korongo lenye maji, upande wa pili mpaka. Na mpaka huo si ukuta wala waya. Ni mstari wa mimea yenye majani marefu, ile ambayo watu huipanda mipakani kwa kuwa haifi upesi. Katsuva aliipanda pamoja na jirani yake Blaise, mtu wa Mahagi, mwaka ule ambao mipaka mingine mingi ilikuwa ikihamishwa na mikono isiyojulikana. Blaise alishika shina, Katsuva akakandamiza udongo, mche baada ya mche, kisha wakala kuku mmoja. Na sheria wakaiweka palepale, mifupa ikiwa bado mkononi: atakayevunja mmea mmoja atapeleka kuku na maneno ya kuomba radhi, atakayevunja wa pili, hakuna kuku tena, wataitwa wazee.

Blaise amekwisha kufa. Mjane wake Geneviève yupo upande wa pili wa majani, na kwa miaka yote hiyo kuku hajavuka, si wa huku wala wa kule. Katika yote aliyoyafanya Katsuva duniani, hilo ndilo alilojivunia zaidi, ingawa hakuwahi kulisema.

Basi Jumatatu Katsuva akavaa koti la Pasaka, akapanda pikipiki na mkewe, wakashuka mtaa wa Lumumba, kwenye uwanja wa Vital muuza mashine. Pale zilisimama trekta tatu, zimeoshwa, zimeelekezwa barabarani. Wazitengenezao huzihesabia nguvu kwa farasi, nasi hatuna elimu ya kuwapinga. Ya kwanza, nyekundu, ambayo magurudumu yake yalimfika Katsuva kifuani, ilikuwa na farasi hamsini. Ya pili, ya buluu, thelathini na watano. Ya tatu, ya rangi ya chungwa, iliyojibanza kando ya choo kama mgeni asiyealikwa, ishirini na wanne.

“Papa Katsuva,” akanena Vital, mkono wake ukiwa juu ya chuma chekundu, “hii njo cinquante chevaux, farasi makumi tano. Hii haiombake njia, inapewaka njia. Siku ya yenga, siku ya misa, ukipita nayo mbele ya kanisa, batu bote batasimama, bataulizana: ni gouverneur? Hapana! Ni Katsuva!”

Moyo wa Katsuva ukapaa. Akapanda, akaketi, akashika usukani, na kutoka kitini pale akaona paa la nyumba ya pili na sehemu ya maisha yake ya baadaye.

“Vital,” akanena, “miaka makumi mbili na mbili nainama, na majani inasimama. Naikata asubui, mangaribi inanicheka. Leo minataka mashini ile, majani ikiisikia tu mu barabara, inalala yenyewe. Mbele ya muke wangu na mbele ya weye, nasema: ni hii nyekundu!”

Scholastique alikuwa amesimama nyuma, amekunja mikono. Akatamka maneno mawili.

“Itageukia wapi?”

“Unasema juu ya lango, Mama Dorcas!” akajibu shujaa, kwani Dorcas ndiye kifungua mimba wao. “Lango ni neno kidogo. Lango nitalivunja!”

Hakusema lango. Alisema kugeuka. Lakini mtu aliyekwisha kukaa juu ya farasi hamsini husikia anachotaka.

Alasiri ile ile Katsuva akaitwaa nyundo kubwa, akaiendea nguzo ya kushoto ya lango lake. Nguzo hiyo ilijengwa na fundi hodari, yaani yeye mwenyewe, kwa hiyo ikampinga saa mbili nzima. Alipiga akapumzika, alipumzika akapiga, mgongo ukimtukana kwa lugha zote tatu anazozijua, hata tofali la mwisho likalala chini. Ndipo akasimama juu ya kifusi, ameshika kiuno, akatangaza, “Njia iko wazi!” Mbuzi wa mtaa ndio waliokuwa wa kwanza kuliamini neno hilo, wakaingia.

Scholastique akawafukuza mbuzi. Asubuhi yake akakata miti minne mirefu, akatafuta kamba, akampigia Vital simu. Vital akaja na mita mfukoni, kwa sababu alijua kwamba mashine iliyokwama humsema aliyeiuza mpaka uani mwa kanisa. Wakafunga miti kwa kamba, ikawa sanduku lisilo na chini wala juu, upana wake upana wa trekta nyekundu, urefu wake urefu wa trekta nyekundu, na wao watatu wakaingia ndani kulibeba: Katsuva mbele kushoto, Vital mbele kulia, Scholastique nyuma kama injini.

Wakashuka shamba hivyo, kwa mwendo mmoja. Majeshi mengi yamepita katika nchi hii, lakini hakuna lililopita limepangwa vizuri kuliko lile. Geneviève alisikia hatua zao, akatoka na kigoda chake, akaketi upande wake wa majani. Hakuuliza. Mtu akiona jirani zake wamejifunga katika miti na kamba, wanashuka kimya, ni heshima kungoja.

Chini, kando ya korongo, Vital akatoa amri.

“Sasa kugeuka! Lakini papa, usikate kona kama muntu wa miguu. Cinquante haikatake vile. Inazungukaka polepole. Fwata kamba yangu!”

Naye alikuwa amelaza kamba chini, ikionyesha duara ambalo trekta nyekundu huliandika inapogeuka. Katsuva akaifuata kwa uaminifu, kwa maana hakuwa mwongo. Kamba ikamtoa korongoni, ikampeleka kati, ikampeleka mbele, ikampeleka mbele tena, na kabla duara halijafika nusu mguu wake wa kushoto ukatua, na chini ya mguu ikasikika sauti ndogo ya kitu kibichi kinachovunjika.

Wote wakasimama. Katsuva akatazama chini. Miaka yote ile, mvua zote zile, mbuzi, watoto, watu waliokimbia na vitanda vichwani wakipita humo humo, na mkosaji wa kwanza alikuwa kiatu chake mwenyewe. Aliona haya hata masikio yakamwasha.

Hakujitetea. Akatoka ndani ya sanduku, akapanda mpaka nyumbani, akamkimbiza kuku mwekundu mara mbili kuzunguka jiko, akamkamata, akashuka naye, akasimama mbele ya mpaka.

“Mama Geneviève,” akanena, “mi njo nilikandamiza huu udongo, na mi njo nimevunja. Kuku ni huyu. Maneno ni hii: unisamehe.”

Geneviève akampokea kuku, akamgeuza, akamwangalia mguu kwa mguu.

“Kuku nimepokea,” akasema. “Maneno nimesikia. Ya pili, unajua weye mwenyewe.”

Akampakata kuku, akaketi tena.

Hapo mwenye akili angetoka moja kwa moja kwenda kwenye trekta ya chungwa. Lakini kutoka farasi hamsini mpaka ishirini na wanne ni kushuka kwingi kwa siku moja, na shujaa alitaka ngazi katikati. Miti ikafunguliwa, ikafungwa upya, kwa kipimo cha trekta ya buluu. Wakashuka tena. Wakafika korongoni. Wakageuka.

Mwanzoni mambo yalikwenda vizuri hata Vital akaanza kutabasamu. Kamba ilipinda mapema zaidi, sanduku likazunguka, korongo likabaki nyuma, na Katsuva akahesabu hatua moyoni: nne, tano, sita. Ya saba ilipokuwa hewani akaona mahali itakapotua. Ilikuwa juu ya mmea wa pili.

Akabaki hivyo, mguu mmoja juu.

“Maliza hatua, papa,” akasema Vital, “tuone kama kweli inagusa.”

Katsuva hakumaliza. Alisimama kwa mguu mmoja, mwanamume wa miaka arobaini na minane mwenye mgongo uliokatazwa na daktari, jasho likimtiririka, miti ikitikisika mkononi. Kuugusa mmea ule ni kuwaita wazee, na wazee wakiitwa husemwa yote: nani alikuja lini, nani alipewa na nani, baba yako alikuwa upande gani. Alilijua hilo, na Geneviève alilijua, ndiyo maana naye alikuwa ameinuka kigodani, mkono ukimbana kuku. Katsuva akamkumbuka Blaise alivyoshika mashina yale, kwa vidole viwili, kama mtu anayemshikia mwenzake sindano. Hamu ya ukubwa ikamtoka, na ikamuuma ilipokuwa ikitoka, kwa maana aliipenda sana trekta ile nyekundu.

“Murudi nyuma,” akasema. “Polepole. Siye bote.”

Wakarudi nyuma, yeye akirukaruka kwa mguu mmoja mpaka alipokuwa na hakika.

Walipokaa kupumzika juu ya matofali ya nguzo iliyoanguka, akanung'unika, “Batasema Katsuva aliuza mugongo wake, akanunua mutoto ya trakteri.”

“Mutoto njo anageukaka,” akajibu Scholastique. Kwa siku moja, hiyo ilikuwa hotuba ndefu.

“Na iko nguvu,” akaongeza Vital kwa haraka. “Kwa hii udongo, na jembe yake kidogo, ile vingt-quatre ya chungwa inatosha. Haijionyeshake tu.”

Alhamisi, saa tatu asubuhi, trekta ya chungwa ikaingia Nyakasanza. Ilipita katika lango lililobomolewa kwa ajili ya nyingine, na pande zote mbili ikabaki nafasi ya ng'ombe. Katsuva akaipima nafasi hiyo kwa jicho. Kwanza akaijaribu nguvu: wakafunga kigari nyuma, wakapakia matofali yote ya marehemu nguzo, nayo ikayavuta mpaka nyuma ya nyumba, haikuguna. Kisha kigari kikafunguliwa, jembe likafungwa, na shujaa akashuka nayo bondeni peke yake.

Majani yaliyomcheka miaka ishirini na miwili yakalala kushoto na kulia, na udongo mweusi ukageuka nyuma yake kama ukurasa. Akafika korongoni. Akainua jembe. Akazungusha usukani mpaka mwisho.

Enyi mliopo, shikeni pumzi, maana sisi tuliishika. Gurudumu dogo la mbele likapinda, mwili wa chungwa ukaufuata, korongo likapita ubavuni, majani marefu yakaja, yakakaribia, yakajaa machoni pake, naye hakufumba. Gurudumu likayapita. Trekta ikaelekea juu, kwenye nyumba, kule ilikotoka, na nyuma yake mpaka wa Blaise ulikuwa umesimama, jani kwa jani.

Akazima injini. Geneviève akamweka kuku chini, akainama, akatandaza kiganja chake ardhini kati ya alama ya gurudumu na mmea wa karibu. Kiganja kikaenea, hapakubaki nafasi, wala hakikuzidi.

Katsuva akangoja hukumu, mikono usukanini. Mjane akasimama, akapangusa udongo kwa kitenge.

“Papa Katsuva,” akasema, “geuka tena. Sikuona muzuri.”

Alikuwa ameona vizuri. Kila mtu aliliona hilo, hata kuku. Katsuva akawasha, akashuka, akageuka tena. Na alipopita mbele yake mara hii Geneviève alikuwa anacheka, mkono mdomoni, kama alivyocheka siku ile ya kupanda, na Scholastique kule juu alikuwa anapiga makofi bila kukunjua uso.

Basi na ihifadhiwe, pamoja na habari za miji iliyotekwa na mito iliyovukwa, kwamba katika mwaka huu, Nyakasanza ya Bunia, mbele ya mjane mmoja, mke mmoja, muuza mashine mmoja na kuku mmoja wa fidia, Katsuva mwana wa Lubero aligeuza farasi ishirini na wanne mahali ambapo hamsini hawangegeuka, akavunja jani sifuri. Naye hakuvunja tena. Nguzo ya lango bado hajaijenga, mbuzi wanaingia.